Kikapu kabla ya jembe: jinsi ya kuyatumia magugu ya shambani

Palizi yangu ya kwanza haina jembe. Masika yakishashika na mahindi yakafika kifundoni, nabeba kikapu, kisu na gunia, napita mstari kwa mstari. Jembe linafuata siku mbili tatu baadaye kumalizia. Nimeamua kuandika namna ninavyofanya kwa sababu huku kwetu Soni, na milima ya Usambara kwa jumla, naona vijana wanaanza kwa kununua dawa ya kuua magugu, na jioni wanamtuma mtoto sokoni akanunue fungu la mnavu. Mnavu huo asubuhi ulikuwa kwenye konde lao. Inaniuma, maana pesa imetoka mara mbili na mboga imekufa.

Shamba langu ni la mteremkoni, mahindi na maharage, na kipande cha bondeni cha mboga. Mlio tambarare, Korogwe, Muheza, Handeni, majani mengi mtayakuta ni yaleyale, ila majira na majina yanabadilika kidogo.

Kwanza kabisa, shika muda. Gugu lenye wiki mbili tangu mahindi yaote halijaleta hasara ya maana, na ndipo majani yake ni laini, yanafaa chungu. Likifika wiki ya nne au ya tano limeshakula chakula cha mahindi, na hakuna mbolea itakayorudisha wiki hizo. Kwa hiyo kuvuna magugu si kisingizio cha kuacha kupalilia. Wiki ya pili na ya tatu ni za kikapu, kisha jembe lifanye kazi yake. Unayotaka yaendelee kuishi, yaachie kingo za shamba na juu ya matuta ya kontua, yale yanayokingama mteremko.

Pili, usichume mahali palipopuliziwa dawa msimu huo, yako au ya jirani wa juu yako, kwani mvua inashusha kila kitu mteremkoni. Usichume kando ya barabara ya magari wala karibu na shimo la choo. Na jani usilolijua kwa jina lisiingie kikapuni, hata kama linafanana na unalolijua. Hilo bibi yangu alitukazania kuliko kitu kingine chochote.

Ya chungu

Mchunga ndio ninaoanza nao, sisi Wasambaa tunauita mshunga. Utautambua kwa majani marefu yaliyokatika pembeni, yamelala chini kuzunguka shina, na ukilikata jani linatoa maziwa meupe. Maua yake ni ya njano. Chuma kabla hayajatoka, maana ukishachanua jani linakuwa gumu na uchungu unapita kiasi. Chuma majani ya katikati, uache kitovu kinachochipua, utarudi tena wiki ijayo.

Kuupika kuna namna nyingi, nami nawapa ya nyumbani kwetu. Osha majani mara tatu, kwa sababu yanalala chini na mchanga unaingia kwenye mikunjo. Katakata membamba kabisa. Mchunga uliokatwa mapana hautafuniki vizuri na uchungu wake unakuja kwa vipande. Chemsha maji na chumvi kidogo, tumbukiza majani, yaache yachemke kama dakika kumi, kisha kamua kwa mkono. Usikamue hadi yakauke kabisa. Mchunga uliotolewa uchungu wote si mchunga tena, na anayeupenda atakuuliza umeleta nini. Kaanga kitunguu na nyanya, tia majani, mimina tui jepesi, acha lichemke likauke, umalizie na tui zito bila kufunika sufuria. Kwa ugali wa mahindi unafaa, ila kwa bada la muhogo ndiyo mahali pake hasa.

Maji yale ya kuchemshia wazee wengi hawayamwagi. Wanayanywa kidogo yakiwa vuguvugu kwa tumbo lililojaa gesi na kwa minyoo. Ni mazoea ya kwetu na nimeyakuta hivyo. Wako wanaoyanywa kwa ajili ya kisukari pia, na hapo nasema wazi: kama hospitali imekupa vidonge, usiviache kwa sababu ya mchunga, na mwambie daktari unachokunywa. Kushusha sukari kwa vitu viwili kwa pamoja bila mtu kujua ni hatari.

Mnavu ni rahisi zaidi kupika na watoto wanaupenda. Chuma ncha na majani machanga, chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha unga kwa karanga au nazi. Matunda yake yakiwa mabichi ya kijani yana sumu. Usiyatie chunguni, wala usiache watoto wayachezee mdomoni. Yakiiva meusi ti kwenye mnavu wetu huu wa mboga, watoto wa shamba wanayala na sisi tulikua tunayala.

Jani linalonitia hofu ni mnanaha. Ukiwa mchanga unajificha katikati ya mchicha na mnavu, na mtu mwenye haraka anauchuma. Jani lake ni pana, lina meno makubwa yasiyolingana, na ukilisugua linatoa harufu mbaya inayokaa mkononi. Baadaye unatoa ua refu jeupe la umbo la tarumbeta na tunda la kijani lenye miiba. Unaleta homa kali, kuchanganyikiwa na moyo kwenda mbio, na unaua. Ng'oa, uchome moto, mbegu zisianguke. Vilevile ndulele, ile yenye miiba na matunda yanayogeuka ya njano, haina nafasi jikoni hata kama inafanana na nyanya chungu.

Mgagani una majani matano yaliyopangwa kama vidole, shina lina vinyweleo vinavyonata, na harufu yake unaisikia kabla hujafika. Wengine harufu hiyo inawafukuza. Ikichemshwa inapungua, na karanga zilizotwangwa zinamaliza iliyobaki. Mgagani unakauka vizuri pia. Uchovye kwenye maji yanayochemka dakika moja mbili, utandaze kwenye mkeka kivulini penye upepo, na ukikauka hadi kuvunjika uhifadhi kwenye chungu au ndoo yenye mfuniko. Mwezi wa nane na wa tisa, mboga zikiadimika mteremkoni, unajua kwa nini ulihangaika. Wagogo wa Dodoma wamelifikisha mbali jambo hili kwa mlenda wao wa unga.

Halafu kuna yale ya kuchanganya. Mbwembwe, hiyo kishonanguo yenye mbegu nyeusi zinazoganda kwenye sketi, huliwa ikiwa na majani manne au sita tu. Peke yake ina ukali, ila mkono mmoja wake ndani ya mchicha pori unaipa mboga uhai. Tikini, yenye ua jeupe, ni laini na haina ladha ya kupigana na nyingine. Kibwando kinateleza, kwa hiyo kinaivusha mboga chungu kooni. Nkongo, ambayo pwani ni kongwe, ina ua la buluu na jani lenye maji mengi. Anayejua kuchanganya anaweka chungu kimoja, kitelezi kimoja, na laini kimoja au viwili. Mkono wa mama yangu ulikuwa unapima kwa macho, na mimi nimeendelea hivyohivyo. Hakuna gramu hapa.

Tako la Hasani, lenye jani nene la mviringo linalotambaa njiani, lina ladha ya uchachu. Liweke kwenye kachumbari bila kulipika.

Ya kurutubisha udongo

Hapa ndipo ningependa watu watulie na kusoma polepole, kwa sababu mbolea ya dukani imepanda bei na jibu moja limesimama kando ya njia.

Sisi Lushoto tuna kichaka kinachoitwa tughutu. Wazee walijua zamani kwamba inapoota yenyewe udongo ni mzuri, na kwamba majani yake yakifukiwa nyanya na maharage yanapendeza. Watafiti wa udongo kutoka Mlingano, wilayani Muheza, walikuja kijiji cha Kwalei wakakaa na wakulima, wakaijaribu tughutu peke yake na ikiwa pamoja na mbolea ya fosfeti ya Minjingu. Sababu ya kuchanganya na Minjingu ni muhimu, nami nitaieleza kwa mfano wa mmea mwingine ambao tarakimu zake zinajulikana vizuri: alizeti mwitu, ile yenye maua makubwa ya njano iliyojaa kwenye kingo za barabara, asili yake Mexico.

Kilo 100 za majani makavu ya alizeti mwitu zina karibu kilo 3.5 za naitrojeni na kilo 4 za potasiamu, lakini fosforasi haifiki hata nusu kilo. Maana yake ni kwamba jani hili linajaza majani na shina, ila mizizi na punje zinahitaji fosforasi ya ziada, na hiyo ndiyo inayotoka Minjingu. Jambo la pili: jani bichi kwa sehemu kubwa ni maji. Unahitaji kilo tano za mabichi, au zaidi, kupata kilo moja kavu. Anayefukia kikapu kimoja kwenye robo eka akasema majani hayasaidii hajayapa nafasi. Kwa sababu hiyo mimi siyatawanyi shamba zima. Nayaweka kwenye shimo la mche au kwenye mfereji wa mstari wa kupandia, mkono uliojaa kila shimo, nafunika na udongo, nasubiri wiki moja hadi mbili ndipo napanda.

Kata kwa mundu kabla haijachanua. Ikishachanua shina ni mti, halipasuki ardhini, na mbegu zinaingia shambani kukusumbua. Kama kwenu haipo, usiipeleke, maana inatawala kingo zote. Tumia jani lililo karibu nawe.

Kwa bustani natengeneza mbolea ya maji. Katakata majani ya tughutu au alizeti mwitu, jaza kiroba, funga, tumbukiza kwenye pipa la maji na jiwe juu ili kisielee. Funika pipa, koroga kila baada ya siku tatu. Harufu itakuwa mbaya, ndivyo inavyotakiwa. Wiki mbili zikitimia, chota kopo moja uchanganye na makopo mawili ya maji, umwagie chini ya shina. Usimwagie juu ya majani ya mboga inayoliwa mbichi.

Magugu mengine yote yasiyo na mbegu yanabaki palepale yalipong'olewa, mizizi juu, kama matandazo. Nkongo ndiyo ya kuangalia: ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu inashika tena kila kifundo. Mimi naitupia sungura. Ng'ombe nampa baada ya kuinyausha na kuichanganya na nyasi kavu, kwa kuwa ikiwa mbichi na nyingi inamharisha. Sangari nayo, mizizi yake mirefu meupe, ichambue yote uianike juu ya mawe hadi iwe kuni. Jani lake ng'ombe anakula vizuri.

Ya kukinga maharage

Mkulima wa maharage anamjua inzi wa maharage na wadudu mafuta. Utupa umesaidia Usambara na Kilimanjaro kwa miaka mingi. Ni kichaka chenye majani madogomadogo yaliyojipanga pande mbili za kikonyo na maganda yenye manyoya, na wengi wameupanda kingoni ingawa unaota pia wenyewe.

Watafiti kaskazini mwa Tanzania walijaribu majani ya kingo za mashamba juu ya maharage, yakiwemo utupa, alizeti mwitu na mtugutu mchungu, jamaa wa tughutu, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Mavuno yalilingana na ya dawa ya dukani, na wadudu rafiki, kama buibui na wale wekundu wenye madoa meusi wanaokula wadudu mafuta, walibaki wengi zaidi. Kipimo walichotumia nakifuata mimi pia: kilo 1 ya majani makavu yaliyotwangwa kwa lita 10 za maji, na gramu 10 za sabuni ili dawa ishike kwenye jani. Loweka saa 24 kivulini, chuja kwa kitambaa, pulizia kila baada ya siku saba. Pulizia jioni, kwa sababu sumu ya utupa, rotenoni, inaharibiwa na jua.

Kausha majani kivulini kwa sababu hiyohiyo. Twanga kwenye kinu ambacho hakitwangiwi chakula tena, funga kitambaa puani, na oga baada ya kazi. Majani ya maharage yaliyopuliziwa msimu huo sili. Na maji ya kuoshea ndoo usiyamwage kijitoni: utupa ndio ule waliokuwa wakiuponda na kuutupa mtoni kuua samaki. Unaua kila kitu chenye mashavu ndani ya maji, na sheria inakataza kuvua hivyo.

Kuna jambo lililoniondolea fumbo kubwa. Kwa nini jirani anasema utupa haufanyi kitu na mimi naona unafanya? Huko Malawi waliuchunguza wakagundua kwamba utupa una aina mbili kwa ndani: moja ina rotenoni na nyinginezo za jamii yake, nyingine haina kabisa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha kwa urahisi. Kwa hiyo ukitafuta mbegu, chukua kwenye kichaka ambacho mwenyewe amekijaribu akaona wadudu wanakufa, usichukue popote.

Kwa ghala, unga wa utupa nautumia kwenye maharage ya mbegu tu. Natia vikombe viwili kwa debe, nachanganya hadi kila punje ipate vumbi, naandika MBEGU juu ya kiroba kwa herufi kubwa ili asije mtu akapika.

Maharage na mahindi ya kula nayawekea kivumbasi. Kivumbasi kinanukia, na harufu hiyo inakaribia ya karafuu kwa sababu kina mafuta ya aina ileile, eujenoli. Kausha matawi yenye maua kivulini, weka tabaka la kivumbasi na tabaka la nafaka, utawapunguza bungua. Dumuzi, mdudu anayetoboa punje za mahindi, ni jambo jingine. Mahindi yenye dumuzi yapukuchue mapema, uyatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Usimtegemee kivumbasi kwa adui huyo. Fungu la kivumbasi kibichi likining'inizwa dirishani au likifukizwa jioni linawapunguza mbu, ila neti ibaki kitandani.

Bangi mwitu, yenye harufu kali na maua madogo ya njano iliyofifia, naitandika kwenye viota vya kuku wanaolalia ili kufukuza viroboto na utitiri. Vaa kitu mikononi ukiikata kama ngozi yako inawasha. Mahali ilipoota kwa wingi msimu mmoja, panda nyanya msimu unaofuata, kwa kuwa mizizi yake inawapunguza minyoo wanaotia mizizi ya nyanya mafundo.

Jeraha dogo la jembe tunalikamulia jani bichi la mbwembwe lililooshwa, damu inasimama. Jeraha kubwa, au lililoingia kutu na mavi ya ng'ombe, ni la zahanati na sindano ya pepopunda, siku hiyohiyo.

Gugu moja nasema lisiachiwe hata dakika: kiduha. Milimani juu hakipo sana, ila tambarare kinamaliza mahindi na mtama. Maua yake ya rangi ya waridi au mekundu yanapendeza, mizizi yake inanyonya kwenye mzizi wa mahindi, na mche mmoja unamwaga mbegu kwa makumi ya maelfu zinazoweza kulala ardhini hata miaka 20. Ng'oa kabla ya ua, choma, na mwaka unaofuata panda kunde au karanga hapo.

Kuacha mbegu

Ukivuna kila mwaka bila kuacha, utaanza kuzitafuta kwa jirani. Kwenye kila kingo naacha miche mizuri michache ya mgagani na mnavu nisiyoigusa. Mgagani, kata maganda yakianza kuwa ya njano, kabla hayajapasuka, uyaanike ndani ya kitambaa. Usizipande mbegu hizo mara moja, kwa kuwa zikiwa mpya zinagoma kuota. Zihifadhi miezi mitatu hadi sita. Mnavu, chukua matunda yaliyoiva meusi, yaponde kwenye bakuli la maji, mwaga maganda yanayoelea, osha mbegu zilizozama, uzikaushe kivulini. Anayetaka mnavu wa majani mapana wa kuuza, kuna aina za Nduruma na Olevolosi, na mchicha wa Madiira, zilizotoka kituo cha mboga cha Tengeru, Arusha. Ninazo bondeni na nimezipenda, ila mnavu mdogo wa kwenye mahindi bado ndio ninaoutafuta kwa chungu cha nyumbani.

Mbegu za mchunga usihangaike nazo. Kipande cha mzizi kilichokatwa na jembe kikibaki ardhini kinaota chenyewe. Kwa hiyo unapoutaka, lima kwa jembe, na usipoutaka, ng'oa kwa mkono siku udongo umelowa, mzizi utoke mzima.